Ibn al-Shatir wa Damaski na Saa ya Kivuli

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa njema zote ni zake Mola wa viumbe, aliyelifanya jua kuwa mwangaza na akaujaalia mwezi vituo vyake, ili wanaadamu wapate kujua hisabu ya miaka na nyakati. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Katika darsa yetu kijana mmoja aliuliza suala ambalo wenziwe walilicheka. Aliuliza kama yawezekana kuchora saa ya jua juu ya ukuta wa mviringo, mfano wa mnara wa Msikiti wa Mandhry hapa Mombasa, ili mwenye kupita njiani aone kwa kivuli kuwa Alasiri imeingia. Mmoja akasema kuwa jambo hilo haliwezekani, kwani kivuli chataka ubao ulionyooka. Mwengine akasema kuwa hiyo ni ilimu ya Wazungu, na kwamba mwanafunzi wa dini hana haja nayo. Neno la kwanza lilikuwa kosa la hisabu, na makosa ya hisabu husahihishwa kwa hisabu. Lakini neno la pili lilituhuzunisha, kwani ni kosa la mtu asiyewajua wazee wake. Basi tumeona ni wajibu wetu kuwaeleza wasomaji wetu maisha ya mwanachuoni aliyekuwa mkuu wa waadhini katika msikiti mmoja mkubwa wa Kiislamu, na wakati huo huo akawa bingwa wa kivuli na nyota ambaye mfano wake ulikuwa nadra katika zama zake. Kisha tutarejea kwenye suala la ukuta wa mviringo.

Jina lake ni Ala al-Din Ali bin Ibrahim, naye ni mashuhuri kwa jina la Ibn al-Shatir. Alizaliwa mjini Damaski, katika nchi ya Sham, yapata mwaka wa 704 wa Hijra, ambao ni mwaka wa 1304 au 1305 wa Miladi. Wakati huo Sham na Misri zilikuwa chini ya masultani wa Kimamluki. Nusu karne haikuwa imetimia tangu Wamongoli walipoiteketeza Baghdad mwaka wa 1258 na kuingia Damaski mwaka wa 1260, na Waislamu walikuwa wakikusanya upya yale yaliyosalia katika vitabu vyao na shule zao. Msafiri Ibn Battuta, ambaye habari zake zajulikana sana katika pwani yetu, alikuwa hirimu yake. Yeye alifika Damaski mwaka wa 1326, na mwaka wa 1331 akafika Mombasa na Kilwa, akataja kuwa watu wa Mombasa ni wa madhehebu ya Shafii, wacha Mungu, na misikiti yao ni ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Basi msomaji ajue kuwa tunayemzungumza si mtu wa dunia nyingine. Saa ile aliposimama kupima kivuli Damaski, wazee wetu nao walikuwa wakisimama safu katika misikiti yao hapa pwani.

Ibn al-Shatir alipata uyatima naye ni mtoto wa miaka sita. Babake alifariki, babu yake akamchukua, kisha akalelewa na jamaa yake wa karibu ambaye alimfunza kazi ya mkono. Kazi hiyo ilikuwa kutia nakshi za pembe ndani ya mbao, ndiyo sababu wengine walimwita al-Muta'im, yaani mtia nakshi. Watu wa pwani waijua kazi hii vizuri, kwani viti vya enzi vya Lamu na Siyu vilipambwa kwa pembe hivyo hivyo. Fundi wa kazi hii hukata vipande vidogo vya pembe na kuvipachika kwa kadiri isiyozidi wala kupungua unene wa unywele. Akikosea kidogo upande huu, mstari mzima wapotoka upande wa pili. Sisi twaona kuwa Mwenyezi Mungu alimtengenezea yatima huyu, katika karakana ya seremala, jicho na mkono ambao baadaye ungechora mistari ya jua juu ya marumaru. Na lau jamaa zake wangalidhani, kama wanavyodhani baadhi yetu hivi leo, kuwa kazi ya mkono ni aibu kwa mtoto wa watu wa heshima, huenda ulimwengu usingalimjua kabisa.

Alipokuwa kijana alisafiri hadi Misri, akasoma ilimu ya falaki katika miji ya Cairo na Iskandariya. Misri ndiyo iliyokuwa chimbuko la ilimu ya miqati katika zama hizo, yaani ilimu ya kupima nyakati za Sala kwa jua na nyota. Huko Cairo, yapata mwaka wa 1280, alikuwako mwanachuoni kutoka Maghribi, Abu Ali al-Marrakushi, aliyetunga kitabu kikubwa ambacho ndani yake alikusanya vyombo vyote vya kupimia wakati alivyovijua pamoja na namna ya kuvitengeneza. Hakukomea kwenye ubao uliolala na ukuta uliosimama wima. Alieleza pia namna ya kuchora mistari ya saa juu ya ukuta ulioinama, juu ya umbo la mviringo kama nguzo, na juu ya umbo la pia. Basi yule kijana wetu aliyechekwa aliuliza suala ambalo Waislamu walikwisha kuliandikia jawabu zaidi ya miaka mia saba iliyopita. Aliyestahiki kuona haya ni aliyecheka.

Ibn al-Shatir aliporejea Damaski alishika kazi katika Msikiti wa Umawi, ule uliojengwa na Khalifa al-Walid bin Abd al-Malik na kumalizika yapata mwaka wa 715. Aliwekwa kuwa muwaqqit, na akawa mkuu wa waadhini. Yatupasa kueleza muwaqqit ni mtu gani, maana cheo hiki hakijulikani tena katika misikiti yetu. Muwaqqit hakuwa mwadhini tu mwenye sauti nzuri. Alikuwa mwanachuoni wa hisabu na falaki aliyeajiriwa na msikiti na kulipwa kutokana na wakfu, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha kuwa adhana haitangulii wakati wala haichelewi. Sala ni faradhi iliyowekewa nyakati, na mwenye kusali kabla ya wakati Sala yake haikusihi. Basi wakubwa wa mji ule waliona kuwa jambo kubwa kama hili haliwezi kuachiwa dhana ya mtu anayetazama mbingu na kusema kuwa yaonekana Alasiri imeingia.

Hebu na tutazame alivyofanya kazi yake. Mwenye kutaka kupima kivuli hana budi kwanza kujua mji wake uko umbali gani kaskazini au kusini mwa ikweta, kwani kivuli cha kila mji ni mbali na cha mwenziwe. Muwaqqit mwengine wa zama zile, al-Mizzi, alifanya hisabu zake kwa kuiweka Damaski katika digrii 33 na dakika 27 kaskazini. Tofauti ya dakika mbili tatu za digrii ni ndogo mno, na mtu mvivu angaliziacha, akasema kuwa waliotangulia wametutosheleza. Ibn al-Shatir hakuziacha. Alipima upya mwenyewe, akapata digrii 33 na dakika 30. Kipimo cha leo cha msikiti ule ni digrii 33 na dakika 31 kwa kukaribia. Alipima upya pia kiasi cha jua kuhama kaskazini na kusini katika mwaka, akapata digrii 23 na dakika 31. Rafiki yake katika kazi hiyo, Shams al-Din al-Khalili, alizichukua hisabu hizi akazitengenezea majedwali ya nyakati za Sala za Damaski, na majedwali hayo yakatumika mjini humo hata karne ya 19. Al-Khalili huyo huyo alitunga jedwali la Kibla kwa miji iliyo baina ya digrii 10 na digrii 56 kaskazini. Sisi watu wa Mombasa, tulio digrii 4 kusini mwa ikweta, hatumo ndani yake. Hakutukusudia ubaya. Aliwahisabia watu wa nchi zake, akatuachia sisi njia ya kujihisabia wenyewe, na neno hili tutalirudia.

Ibn al-Shatir alikuwa pia mtengenezaji wa vyombo. Mwandishi maarufu wa tarehe za watu, Khalil al-Safadi, alimzuru nyumbani kwake akaona chombo cha ajabu kilichotundikwa ukutani, chenye umbo la tao na urefu wa robo tatu ya dhiraa, ambacho kilizunguka usiku na mchana bila ya maji wala mchanga, na kuonyesha saa. Kadhaalika kimehifadhiwa mjini Halab kisanduku alichokitengeneza mwaka wa 767 wa Hijra, sawa na 1366. Kila upande wake ni sentimita 12 na kina chake ni sentimita 3. Ndani yake mna dira na saa ya jua, na msafiri aliweza kukitumia kujua wakati wa Sala na upande wa Kibla. Watu huvistaajabia vyombo vya mfukoni vya siku hizi, ambavyo humwita mtu kwa Sala popote alipo. Chombo cha namna hiyo mtu wa Damaski alikifikiria zaidi ya miaka mia sita iliyopita, na tofauti moja kubwa ni kuwa mwenye kutumia kisanduku kile alipaswa kuelewa anachokitazama.

Lakini kazi yake iliyo mashuhuri kuliko zote ni saa ya jua aliyoitengeneza mwaka wa 773 wa Hijra, yaani 1371 au 1372, naye amekwisha kuwa mzee. Ni bamba la marumaru lenye urefu wa mita 2 na upana wa mita 1, ambalo liliwekwa kulala katika mnara wa kaskazini wa Msikiti wa Umawi, ule uitwao Mnara wa Arusi. Juu ya bamba hilo alichonga mistari mingi iliyopishana kama nyuzi za mkeka. Mna mistari ya kuonyesha saa ngapi zimepita tangu jua lilipochomoza, na mistari ya kuonyesha saa ngapi zimebaki hata litue. Mna ya kuhisabu kabla ya adhuhuri na baada yake. Umo mstari wa Alasiri, na imo pia mistari ya kumjulisha muwaqqit, ilhali jua li juu, ni muda gani umebaki kufika giza la Isha na muda gani umepita tangu alfajiri kupambazuka. Mtu mmoja akisimama juu ya mnara, kwa kutazama kivuli kimoja, aliijua siku yake yote ya ibada.

Hekima ya saa hiyo i katika namna alivyokiweka chombo chenye kutoa kivuli. Watu wa kale walisimamisha kijiti wima, na kivuli cha kijiti kama hicho hubadilika upande kwa saa ile ile moja kila majira yanapobadilika. Tena watu hao waliugawa mchana katika mafungu 12, uwe mrefu au mfupi. Damaski mchana wa kiangazi hupita saa 14, na wa kipupwe huwa kama saa 10, kwa hivyo saa moja ya kiangazi kwao ilikuwa ndefu na saa moja ya kipupwe ilikuwa fupi. Ibn al-Shatir alikiinamisha chombo chake kwa digrii zile zile za mji wake, kikaelekea kwenye ncha ya mbingu, karibu na nyota ya kaskazini ambayo mabaharia wetu huiita Jaa. Jua twaliona likizunguka mstari huo kwa mwendo wa sawasawa, digrii 15 kwa kila saa. Basi kivuli cha ukingo ulioelekezwa hivyo huangukia mstari ule ule kwa saa ile ile, ikiwa ni kaskazi au kusi, na saa zote huwa sawa mwaka mzima. Hiyo ndiyo saa ya jua ya kale kuliko zote za namna hii zilizohifadhika hata leo duniani.

Hapa pana jambo la kumfurahisha Mswahili. Sisi twahisabu saa zetu tangu kuchomoza kwa jua na tangu kutua kwake. Saa moja ya asubuhi kwetu ni saa ya kwanza ya mchana, na baadhi ya wageni huidhani hisabu hii kuwa ni ya watu wasiojua saa. Kumbe ni hisabu ile ile iliyochongwa juu ya marumaru ya Damaski na muwaqqit mkubwa. Tena katika nchi yetu yafaa zaidi kuliko kwao, kwani karibu na ikweta mchana hautofautiani katika mwaka ila kwa dakika chache. Basi mtu asione haya kwa saa yake ya Kiswahili, bali aone haya kwa kutojua asili yake.

Sasa na turejee kwa kijana wetu na mnara wake wa mviringo. Jawabu ni kuwa yawezekana, na msingi wa kazi ni mmoja kwa ukuta ulionyooka na ule uliopinda. Mtu hutoa ukutani kijiti cha urefu unaojulikana. Kisha kwa kila saa, na kwa majira mbali mbali ya mwaka, huhisabu jua li juu kiasi gani na li upande gani. Mstari utokao kwenye jua ukapita katika ncha ya kijiti utaupiga ukuta mahali fulani, na mahali hapo ndipo pa kutiwa alama. Akiziunganisha alama zote za saa moja, apata mstari wa saa hiyo. Juu ya ukuta ulionyooka mistari ya saa zilizo sawa hutoka imenyooka, na juu ya ukuta wa mviringo hutoka imepinda, basi. Kupinda huko si kosa, ni haki ya ukuta. Lakini pana sharti moja. Jua haliwezi kuangaza zaidi ya nusu ya mnara kwa wakati mmoja, na ukuta wa mviringo hukimbia nyuma pande zote mbili, kwa hivyo kivuli cha kijiti kimoja hakidumu juu yake mchana kutwa. Hapana budi viwekwe vijiti kadhaa, cha mashariki kwa asubuhi na cha magharibi kwa jioni, na kila kimoja kipewe mistari yake.

Na mtu asije akasema kuwa tuchukue mistari ya Damaski tuinakili hapa. Damaski jua halifiki utosini hata siku moja katika mwaka, na kivuli cha adhuhuri daima huelekea kaskazini. Mombasa jua hufika utosini mara mbili kwa mwaka, katika mwezi wa Machi na katika mwezi wa Oktoba. Baina ya Machi na Oktoba kivuli chetu cha adhuhuri huelekea kusini, na miezi iliyobaki huelekea kaskazini. Tena kwetu wakati wa adhuhuri jua huteremka karibu sambamba na ukuta, kivuli cha kijiti kikawa kirefu mno kuelekea chini hata hakisomeki, kwa hivyo Adhuhuri yafaa ipimwe juu ya bamba lililolala. Alasiri hainayo taabu hiyo. Katika siku zile ambazo adhuhuri haina kivuli, Alasiri kwa madhehebu yetu ya Shafii huingia pale kila kitu kinapokuwa na kivuli sawa na urefu wake. Wakati huo jua huwa lipo nusu baina ya utosi na upeo wa macho, na katika upande wa ukuta unaolikabili, kivuli cha ncha ya kijiti huwa kimeshuka kwa urefu ule ule wa kijiti. Siku nyingine za mwaka hapana budi kuzidisha kivuli cha adhuhuri, na hapo ndipo inapohitajiwa hisabu.

Mwenye kunakili saa ya Damaski na kuiweka Mombasa atakuwa amemtukuza Ibn al-Shatir kwa mdomo na kumkhalifu kwa vitendo, na atasalisha watu nje ya wakati. Mwenye kumfuata kwa hakika ni yule atakayefanya alivyofanya, apime mji wake mwenyewe. Wala jambo hili si la kivuli peke yake. Wangapi miongoni mwetu huwanakili waliotangulia katika kila jambo bila ya kuuliza wao walifikaje pale walipofika, kisha wakadhani kuwa huko ndiko kuwaheshimu?

Yeye mwenyewe alitupa mfano mkubwa katika hili. Ilimu ya mienendo ya sayari waliirithi Waislamu kwa Batlamius, Myunani aliyekaa Iskandariya katika karne ya 2 ya Miladi. Kitabu chake kiliheshimiwa kwa zaidi ya miaka elfu moja. Walakini wanachuoni wa Kiislamu hawakukisoma wamefumba macho. Ibn al-Haytham alikiandikia shaka zake katika karne ya 11, na katika karne ya 13 Nasir al-Din al-Tusi na al-Urdi, ambaye naye alitoka Damaski, walisahihisha mengi pale Maragha. Ibn al-Shatir akaja baada yao. Aliona kuwa kwa hisabu ya Batlamius mwezi ungalipaswa katika baadhi ya siku kuwa karibu nasi mara mbili kuliko siku nyingine, na kwa hivyo upana wake uonekane karibu maradufu. Ni nani aliyepata kuuona mwezi hivyo? Ikawa yamempasa kuchagua baina ya kitabu kilichotukuzwa na mbingu aliyoiumba Mwenyezi Mungu. Alichagua mbingu. Akatunga hisabu mpya ya mwezi na sayari, akaiandika katika kitabu chake kiitwacho Nihayat al-Su'l.

Mwaka wa 1543, ikiwa ni miaka 168 baada ya kufa kwake, Copernicus wa Poland alitoa kitabu kilichobadilisha ilimu ya falaki Ulaya. Katika miaka ya 1950 wataalamu waliovisoma vitabu vya Ibn al-Shatir walistaajabu kuona kuwa hisabu ya mwezi ya Copernicus ni ile ile ya muwaqqit wa Damaski. Yatupasa kuwa waadilifu hapa. Ibn al-Shatir aliiacha ardhi katikati na jua likizunguka, na Copernicus ndiye aliyeliweka jua katikati. Hatumnyimi mtu haki yake wala hatumpi mwenzetu asichokuwa nacho, kwani kujifakhiri kwa uwongo hakumpi maiti heshima wala hakumpi aliye hai ilimu. Yatutosha kuwa mtu wa msikiti, aliyeanza kwa kupima wakati wa Sala, aliinua jicho lake hata akafika mahali ambapo Ulaya ilifika baadaye.

Alifariki Damaski mwaka wa 777 wa Hijra, sawa na 1375, Mwenyezi Mungu amrehemu. Aliishi kiasi cha miaka sabini, akapitiwa na tauni kubwa iliyoingia Damaski mwaka wa 1348 na kuua watu wengi, wala hakuacha kazi yake. Bamba lake la marumaru lilibaki katika mnara kwa muda wa karne nyingi. Katika karne ya 19 muwaqqit al-Tantawi alichonga jingine kwa mfano wake likawekwa mahali pake, na vipande vya lile la asili vikahifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya Damaski. Al-Tantawi astahiki shukrani, kwani yeye aliijua kazi hiyo, na saa aliyoichonga ilikuwa ya mji ule ule. Lakini baada yake wenye kuijua walizidi kupungua, na saa za chuma zilipofika watu waliona kuwa muwaqqit hana haja tena. Waliipata saa wakaipoteza ilimu.

Ndugu zetu Waislamu, hatusemi kuwa kalenda za ukutani zitupwe, wala kuwa ni haramu kutumia saa au simu. Vitu hivi ni neema. Tunalolilaumu ni kuwa katika mtaa mmoja yaweza kutokea misikiti miwili ikakhitilafiana kwa dakika kadhaa katika adhana ya Alasiri, kila mmoja umeshika karatasi yake, watu wakanuniana kwa ajili hiyo, na asipatikane hata mtu mmoja wa kutoka nje na kupima kivuli akawapatanisha. Kujua nyakati za Sala ni faradhi ya kutosheana. Wakiisimamia baadhi, wengine wamesalimika, na wakiiacha wote, wote wana madhambi. Basi na ajiulize kila mwenye chuo na kila imamu: katika mtaa wangu ni nani aliyetusimamia faradhi hii?

Sisi katika darsa yetu tumeanza kwa kitu kidogo. Tumesimamisha kijiti wima katika ua wa madrasa, tukachora duara kuzunguka shina lake, na vijana hutia alama pale ncha ya kivuli inapoingia ndani ya duara asubuhi na inapotoka jioni. Katikati ya alama hizo mbili ndipo upitapo mstari wa kaskazini na kusini. Njia hii imo katika vitabu vya wazee na haitaki fedha wala mashine. Kijana aliyeuliza suala lake ndiye tuliyempa kazi ya kuandika vipimo katika daftari, na aliyemcheka ndiye ashikaye kamba. Wakishatimiza mwaka mzima, inshallah, tutatazama kama wako tayari kwa ukuta wa mviringo.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amlipe kheri Ibn al-Shatir, yatima wa Damaski, kwa kila Sala iliyosaliwa kwa wakati wake kwa sababu ya kivuli alichokipima, na atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kuufuata mwendo wa wema waliotangulia, si majina yao tu. Wabillahi tawfiq.